Mbwa anayekimbia masasi hana kichaa: fimbo na mnyororo haviwezi kumponya

Goma, Kivu ya Kaskazini. Masasi yakilia usiku Ndosho au Katoyi, watu wanajua la kufanya. Wanazima taa, wanalala chini, mama anavuta watoto mbali na dirisha, na kila mmoja anasubiri. Mbwa wa parseli hajafundishwa hayo. Anazunguka ukuta, anakwaruza mlango, anachimba chini ya lango mpaka kucha zinatoka damu juu ya mawe ya volkano, na akipata nafasi anatoroka. Asubuhi anakutwa kata ya tatu kutoka kwao, au hakutwi kabisa. Akirudi amelowa, mkia kati ya miguu, jirani anatoa hukumu yake juu ya ukuta: "Papa, ile imbwa yako iko na kichaa. Uifunge mnyororo ama uiondoshe hapa."

Hukumu hiyo inatolewa haraka mno katika mji huu, na mara nyingi si ya haki. Mbwa huyo hana kichaa. Ana woga. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, na familia isiyoijua inaweza kukosea njia mbili: kumuua mnyama mzima asiye na ugonjwa, au, vibaya zaidi, kumhurumia mwenye ugonjwa wa kweli mpaka amng'ate mtoto.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya watu walioshiba. Katika mji ambao familia nyingi hazijui zitakula nini jioni, nani ana muda wa kuuliza mbwa anajisikiaje? Swali hilo si la kudharau. Waliolala miaka miwili chini ya shitingi Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya wana haki ya kuliuliza kwa sauti. Lakini jibu lipo mikononi mwao wenyewe. Mbwa wa Goma si pambo la sebuleni. Ndiye sentinele wa yule asiyeweza kumlipa sentinele. Ndiye anayewaamsha watu wa nyumba ya mbao wakati wajambazi wanaposogea. Na ndiye, akiogopa na kukosa pa kujificha, anayemng'ata mtoto aliyekuja kumkumbatia. Kumsaidia atulie ni sehemu ya kuilinda nyumba, na karibu hakuna gharama. Kinachohitajika ni kona moja ya nyumba, mabaki ya chakula na uvumilivu.

Kwanza ieleweke mbwa anasikia nini. Sikio la mtu linafikia sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa linapita 40,000, na linaokota sauti ndogo kutoka mbali kuliko letu. Radi ambayo mtu anaisikia kama ngurumo ya mbali upande wa Masisi, mbwa ameshaanza kuhangaika nayo. Ongeza hapo mabati. Mvua ya mawe juu ya mabati inamfanya hata mtu mzima apige kelele ili asikike na aliye karibu naye.

Sasa tazama mahali penyewe. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi kwa mwaka. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Safari hiyo ya mwisho matetemeko yalifuatana siku baada ya siku, mpaka tarehe 27 Mei kata kumi za mji zikaamriwa kuhama. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wahami upande wa Mugunga na Lac Vert, yakaua zaidi ya watu kumi, wengi wao wanawake na watoto. Kiisha ikaja wiki ile ya mwisho ya Januari 2025, M23 ilipoingia mjini: silaha nzito mchana na usiku, umeme umekatwa, maji yamekatwa, intaneti imekatwa. Umoja wa Mataifa ulihesabu maiti karibu 3,000. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwaza mbwa siku zile, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini mbwa waliokuwa hai wakati huo, wengi wao bado wako katika parseli zetu, na masikio yao hayajasahau.

Si jambo geni kwa wanaosomea wanyama. Septemba 1924 mto ulifurika katika mji wa Leningrad, Urusi, na maji yakaingia katika maabara ya mtaalamu Pavlov, yule aliyejulikana kwa kuwafundisha mbwa kutoa mate kengele inapolia. Mbwa walikuwa vizimbani, maji yakapanda mpaka pua zao zikagusa juu. Waliokolewa dakika za mwisho. Baadaye wengine walikuwa wamesahau mambo waliyofundishwa kwa muda mrefu, na mmoja wao aliyekuwa ameshapona alivurugika upya siku maji kidogo tu yalipopitishwa chini ya mlango. Aliyepitia vita anaweza kuelewa habari hiyo bila kuelezwa. Kuna watu wazima Goma ambao tairi la lori likipasuka barabarani wanajikuta chini kabla hawajafikiri.

Mbwa mwenye woga wa kelele anatambulikaje? Anatetemeka. Anahema kwa nguvu ingawa hakuna joto. Anatoa mate, anapiga miayo ovyo, analamba midomo, masikio yamelala nyuma. Anakataa chakula, hata kile akipendacho. Mwingine anamfuata mwenyewe kila hatua, mwingine anajificha chini ya kitanda au nyuma ya masufuria, mwingine anajikojolea. Jambo kubwa la kuangalia ni hili: kelele ikiisha, woga nao unapungua. Baada ya saa moja, au kesho yake asubuhi, mbwa amerudia hali yake, anakula, anaitika jina lake.

Kichaa cha mbwa hakiondoki hivyo. Mwenye kichaa anaendelea kubadilika hata kama mji umetulia: sauti yake inageuka, taya linalegea, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inayumba, anang'ata vitu visivyo na maana, mawe, miti, hewa. Watu wengi wanaamini kwamba mbwa mwenye kichaa anakimbia maji. Si lazima, anaweza hata kuyaendea maji na kushindwa kuyameza. Toka dalili zinapoonekana, kwa kawaida anakufa ndani ya siku kumi hivi. Mwenye mashaka amtenge mbwa mahali palipofungwa, asimguse, na amwite daktari wa mifugo.

Na aliyeng'atwa, iwe na mbwa mwenye woga, iwe na mbwa asiyejulikana, asikae kujadili ni ugonjwa gani. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano kamili, hata kama ni mkwaruzo tu. Kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo, kuulizia chanjo. Dalili za kichaa kwa mtu mara nyingi zinakuja baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na zikishakuja hakuna tiba. Karibu wote wanakufa. Kitunguu juu ya jeraha, jiwe jeusi, mafuta ya gari, vyote hivyo ni kupoteza saa zenye thamani.

Turudi kwa mbwa mwenye woga. Makosa yanayofanyika Goma ni yale yale kila kata, na ya kwanza ni fimbo. Mwenye mbwa anaona aibu: amenunua berje wa bei kali, au amemlea mbwa wa kienyeji akitegemea awe mkali, na sasa anamwona analia kama mtoto chini ya meza. Anampiga ili "azoee". Mbwa anajifunza kitu kimoja tu, kwamba kelele inakuja pamoja na maumivu. Mara nyingine ataanza kutetemeka hata mapema zaidi. Hakuna mbwa aliyepata ushujaa kwa kupigwa.

La pili ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa nje wakati wa masasi hana pa kukimbilia. Anaruka mpaka anajinyonga, au anavunja meno akitafuna chuma. Na mji huu uko chini ya volkano. Aliyefungwa kwa mnyororo na kufuli, wenye nyumba wakikimbia usiku, hawezi kuikimbia lava. Kama ni lazima kumfunga, iwe kamba ambayo mtoto mkubwa anaweza kuifungua au kuikata kwa kisu, na iwe ndani.

La tatu ni dawa. Wengine wanamnywesha kanyanga kidogo alale. Wengine wanampa parasetamoli ya watoto au ibuprofeni, wakidhani kinachomtuliza mtu kitamtuliza mnyama. Pombe ni sumu kwa mbwa. Parasetamoli inaharibu ini na damu yake, ibuprofeni inatoboa tumbo na kuua figo. Dawa za kupunguza woga zipo, na daktari wa mifugo anaweza kuandika moja kwa mbwa aliyezidiwa, lakini hata hapo inafaa kuuliza swali: je, hii inaondoa woga, au inalegeza mwili tu? Kuna dawa za zamani za usingizi zinazomlaza mbwa chini kama gogo huku moyo wake unaendelea kukimbia na masikio yanasikia yote. Mwenyewe anafurahi kwamba mbwa ametulia. Mbwa hajatulia, ameshindwa kusogea.

Basi afanyiwe nini usiku wenyewe? Aingizwe ndani. Hilo ndilo kubwa, na ndilo linalopingwa zaidi, kwa sababu desturi inasema mbwa ni wa nje. Lakini mbwa aliyezidiwa na woga halindi kitu. Mwizi akija atamkuta amejificha au ametoroka. Tena, kuna sababu nyingine ambayo wenye nyumba wanaielewa bila kuambiwa: mbwa anayebweka bila kukoma usiku wenye silaha anawavuta wenye silaha. Akiwa ndani, mahali anapopajua, kelele zake zinapungua.

Kona yake iandaliwe mapema, siku ya utulivu, si wakati milio imeshaanza. Chini ya kitanda panafaa, au nyuma ya gunia la makala, mbali na dirisha na mbali na ukuta wa mabati. Apewe gunia kuukuu au nguo iliyochakaa yenye harufu ya watu wa nyumbani. Alishwe hapo mara kwa mara ili apazoee kama pake. Asifungiwe humo kwa nguvu. Kitu kinachompa nafuu ni kujua kwamba anaweza kuingia na kutoka. Mwenye redio aiwashe kwa sauti ya kawaida, maneno au muziki wa polepole, ili milio ya mbali ifunikwe kidogo. Pazia, hata kama ni kitenge tu kilichopigiliwa misumari, linazuia mwanga wa radi.

Watu wengi wameambiwa kwamba kumbembeleza mbwa mwenye woga ni kumwongezea woga, kwamba ataona analipwa kwa kutetemeka. Hilo halina msingi. Woga si ujanja anaoufanya ili apate kitu. Ni hali inayompata, kama homa. Akija mwenyewe kuegemea mguu, aachwe aegemee, apapaswe taratibu, aongeleshwe kwa sauti ya chini. Kinachomzidishia woga ni kelele za watu wenyewe: baba anafoka, watoto wanalia, mlango unapigwa. Kumtuliza mbwa, kwa kweli, kunaanza na mtu mmoja wa nyumba kukaa chini na kunyamaza, na huenda watoto nao wakafaidika. Hata hivyo mtoto mdogo asiachwe peke yake akimkumbatia mbwa anayetetemeka. Mbwa mpole kabisa, akibanwa wakati huo, anaweza kung'ata bila kukusudia.

Hayo ni ya usiku. Kazi yenyewe ya kumfundisha inafanyika mchana, wakati wa amani, na hapa wataalamu wa nchi nyingine wana shauri moja linalohitaji kurekebishwa kabla ya kuletwa Goma. Wanasema: cheza sauti za milipuko katika simu, polepole, huku ukimpa mbwa chakula kitamu, na siku hadi siku ongeza sauti. Mpango wenyewe ni mzuri. Lakini anayecheza milio ya masasi katika simu yake kule Majengo au Kasika, ukuta kwa ukuta na majirani waliozika watu Januari ile, atawafukuza watu majumbani, na yeye mwenyewe anaweza kuulizwa maswali mabaya. Mama mhami anayekaa chumba cha pili hajui kwamba ni simu. Watoto wake hawajui.

Zipo sauti nyingine. Kifuniko cha sufuria, bidoni tupu ikiangushwa, changarawe zikimwagwa juu ya kipande cha bati, ubao ukigongwa. Mtu mmoja anakaa na mbwa, mwingine anakwenda mbali, mwisho wa parseli au hata nyuma ya ukuta, anagonga kidogo sana. Mara tu baada ya mlio, mbwa anapewa kichwa cha sambaza. Vichwa vya sambaza vinatupwa kila siku katika jikoni za mji huu, na hakuna mbwa wa Goma asiyevipenda. Utaratibu ni muhimu: mlio kwanza, sambaza baadaye, kila mara. Ukianza na chakula, mbwa atajifunza kukiogopa chakula. Akila bila wasiwasi, kesho mgongaji asogee hatua chache. Akikataa kula, au masikio yakilala, maana yake mmekwenda haraka, rudini mbali. Dakika tano kwa siku zinatosha. Itachukua wiki kadhaa, kwa mwingine miezi, na mvua moja kubwa inaweza kuwarudisha nyuma. Haitamfanya asisikie mabomu. Itamfanya asivunje lango kwa sababu ya mlango uliopigwa na upepo.

Kwa watoto wa mbwa kazi ni rahisi zaidi. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ya maisha yake, mbwa anaizoea dunia kwa wepesi ambao hatakuwa nao tena. Sauti ya motari, chukudu likishuka juu ya mawe, mashine ya kusaga, yote akiyasikia kidogo kidogo huku anacheza na kula, hayatamsumbua akikua. Mbwa wa kazi wanaozoezwa milio ya bunduki huanzishwa hivyo hivyo, mlio ukiwa mbali sana, kisha unasogezwa. Na jimbo letu linawajua mbwa wa kazi: hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi chake cha mbwa wa kunusa mwaka 2011 kusaidia walinzi kufuata nyayo za majangili. Hakuna anayewaita wale pambo.

Mbwa mzima ambaye miaka yote hakujali kelele, halafu ghafla anaanza kuogopa, aangaliwe mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Brazil walichapisha uchunguzi juu ya mbwa 20 wenye woga wa kelele. Wale waliokuwa pia na maumivu ya viungo au misuli walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa zaidi kwa miaka karibu minne, na wengi walipata nafuu maumivu yalipotibiwa. Mlio unamstua, mwili unakaza, kiungo kibovu kinauma, na mbwa anaunganisha mambo. Huenda yule mbwa mzee wa Himbi anayelia wakati wa radi anaumwa nyonga.

Wahami wana hali yao ya pekee. Kambi zilivunjwa Februari 2025, familia nyingi zikarudi Masisi na Rutshuru, nyingine zikabaki mjini kwa ndugu au katika chumba cha kukodi. Baadhi walikuja na mbwa wao kutoka kijijini, mbwa aliyezoea shamba na ukimya, na sasa yuko kati ya motari na bafle za kanisa. Kwao kona ya ndani ni pembe ya chumba kimoja ambamo wanalala watu sita. Basi iwe karatoni pembeni mwa mlango, na kitambaa juu. Kama mwenye nyumba amekataa mbwa ndani, aombwe kwa heshima, na aelezwe kwamba ni kwa usiku wa milio tu. Njiani, wakati wa kuhama, mbwa afungwe kamba kabla safari haijaanza. Akishastuka barabarani hataitika jina. Shingoni awekwe mkanda wenye namba ya simu, iliyoandikwa kwa wino usiofutika kwenye kipande cha ngozi au plastiki. Ni fundi viatu tu anayehitajika.

Kuna upande ambao mwenye mbwa peke yake hauwezi. Chanjo ya kichaa ni ya kila mwaka, kuanzia mbwa akiwa na miezi mitatu, na familia nyingi zinaisikia tu wakati kuna kampeni. Wakuu wa kata na viongozi wa avenyu wanaweza kuuliza huduma ya mifugo ni lini na wapi, na kutangaza redioni kabla, si siku ile ile. Na makanisa yanayokesha na bafle zikitazama barabara, ambapo hata watu hawalali, yangeweza kuzigeuza zitazame ndani bila sala kupungua.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Mbwa wa Birere na Majengo waliokuwa wakilala fofofo ndege zikipita juu ya mabati wamekaa muda mrefu bila kuzisikia, na kuna waliozaliwa baada ya hapo ambao hawajawahi kuzisikia kabisa. Siku ndege kubwa itakaposhuka tena, wenye mbwa wa kata hizo wawe na vichwa vya sambaza tayari.